Ziwa Limejaa, Samaki Wamepungua: Hesabu Mbili za Tanganyika

Kati ya mwaka 2019 na 2024 watu wanaoishi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi na Katonga hapa Kigoma hadi Bujumbura, Uvira na Kalemie, waliyaona maji yakipanda kuliko wengi wao walivyowahi kuyaona maishani. Nyumba zilihamwa, vichanja vya kuanikia dagaa vikamezwa, na miti iliyokuwa nchi kavu ikabaki imesimama majini. Katika miaka hiyohiyo wavuvi walilalamika kwamba wanarudi alfajiri na mitumbwi mitupu, hata tarehe 15 Mei 2024 Serikali ya Tanzania ikafunga shughuli za uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, hatua ambayo haikuwahi kuchukuliwa upande wetu kabla ya hapo. Habari hizo mbili zilipokutana zilizaa swali ambalo kila mtu aliliuliza kwa namna yake: ikiwa ziwa limejaa kiasi hiki, samaki wamekwenda wapi?

Majibu yaliyokuwa yakisikika yalikuwa matatu. La kwanza, ambalo viongozi walilipenda, ni kwamba wavuvi wenyewe wamewamaliza samaki kwa zana haramu. La pili, ambalo wavuvi wengi walilishika, ni kwamba hali ya hewa imebadilika na mwanadamu hana la kufanya. La tatu, lililozungumzwa zaidi kwenye vibanda vya kahawa kuliko ofisini, lilisema samaki ni walewale, ila maji yamekuwa mengi, kwa hiyo wametawanyika na hawakusanyiki tena chini ya taa. Nitaanza na hili la tatu, kwa sababu linafutika kwa hesabu fupi, na likishafutika mawili yaliyobaki yanaonekana vizuri zaidi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na kwa kina hicho linazidiwa na ziwa moja tu duniani, Baikal la Urusi. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 32,900, na wastani wa kina chake ni mita 570 hivi. Sasa chukulia kwamba maji yamepanda mita mbili, kiasi kinachotosha kuingia sebuleni kwa mtu na kufunika gati. Mita mbili juu ya mita 570 hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Mafuriko yaliyowahamisha watu hayakuongeza chochote cha maana katika ujazo wa ziwa lenyewe, na samaki hawezi kupotea ndani ya ongezeko dogo namna hiyo. Mafuriko ni jambo kubwa kwetu kwa sababu sisi tunaishi ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi ni tambarare na mita moja ya wima inakula makumi ya mita za ufukwe.

Kupanda na kushuka kwa maji kuna hesabu yake inayojitegemea. Maji huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa na kwa mito, ambayo mikubwa ni Rusizi unaotoka Ziwa Kivu na Malagarasi unaopita kwetu. Msomaji wa Tabora asidhani kwamba haya hayamhusu: mvua inayonyesha Urambo, Kaliua na Sikonge huingia Ugalla, Ugalla ukaingia Malagarasi, na hatimaye maji hayo yakafika Tanganyika baada ya kuzunguka kwenye mabwawa na mbuga za njiani. Maji hutoka kwa njia mbili tu. Zaidi ya asilimia 90 hupanda angani kwa uvukizi, na kiasi kidogo kinachobaki hutoka kwa mto mmoja, Lukuga, ambao huanzia karibu na Kalemie upande wa Kongo na kuelekea mto Lualaba. Ziwa ambalo linategemea jua kulipunguza halina haraka ya kushuka. Likipata miaka kadhaa ya mvua nyingi mfululizo, maji hulundikana, na yanaweza kuchukua muda mrefu zaidi kuondoka kuliko yaliyouchukua kuja.

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilipoinua maziwa mengi ya Afrika Mashariki, Tanganyika likiwemo. Ndivyo ilivyokuwa tena baada ya mvua za mwishoni mwa 2019, zilizochochewa na hali isiyo ya kawaida ya joto katika Bahari ya Hindi, na baadaye mvua za El Niño za 2023 na 2024. Karne ya 19 ilikuwa na kisa kikubwa zaidi. Mgeni anayekwenda Ujiji kuona mnara uliojengwa mahali panapotajwa kuwa ndipo Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 hushangaa kuona kwamba kutoka pale hadi majini kuna mwendo wa miguu. Zama zile Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani. Stanley mwenyewe alipokwenda kuuangalia mwaka 1876 aliukuta haujafunguka sawasawa. Miaka miwili hivi baadaye maji yaliusukuma mzibo huo, yakatoka kwa nguvu, na kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka zaidi ya mita nane. Ardhi kubwa tuliyoirithi kandokando ya ziwa, tukajenga na kupanda michikichi, ni ardhi ambayo ziwa liliiacha wakati ule, na halikutia saini kwamba halitairudia.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu Lukuga ni la kisiasa. Kabla ya mafuriko haya, hofu iliyokuwa ikizungumzwa kati ya Tanzania na Kongo ilikuwa kinyume chake: ziwa linapungua, bandari zinakosa kina, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa banio kwenye mto huo ili maji yasitoke ovyo. Muda mfupi baadaye watu wakawa wanaomba mto huohuo upanuliwe ili maji yatoke. Banio lililopangwa kwa kuangalia miaka michache ya ukame litawasumbua watu miaka ya mvua, na kwa kuwa mdomo wa Lukuga uko katika nchi moja huku ukingo wa ziwa ukigawanywa na nchi nne, hakuna anayeweza kulitatua hilo peke yake.

Hayo yote ni hesabu ya maji. Hesabu ya samaki inakwenda kwa kanuni nyingine kabisa, na ndiyo ninayotaka kuikalia.

Dagaa wetu hula vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Vijidudu hivyo hula vijimea vidogo zaidi, visivyoonekana kwa macho, na vijimea hivyo huhitaji vitu viwili: mwanga wa jua na virutubisho kama naitrojeni na fosforasi. Mwanga uko juu. Virutubisho vingi viko chini, kwa sababu kila kitu kinachokufa ziwani huzama na kuozea vilindini. Kwa hiyo maisha yote ya katikati ya ziwa, kuanzia kijimea hadi dagaa, kutoka dagaa hadi mgebuka na sangala wanaowala dagaa, yanategemea kitu kimoja: chakula kilicholala chini kiinuliwe hadi kwenye mwanga. Bila hivyo ziwa linakuwa kama kikombe cha chai isiyokorogwa, ambacho sukari yake yote imelala chini na mnywaji anaona maji ya moto tu.

Kijiko cha ziwa hili ni upepo. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kwa kufuata urefu wa ziwa. Husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, Zambia na Rukwa, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Upepo ukitulia, maji yaliyolundikana kaskazini hurudi, kisha hupita mizani, kisha hurudi tena, na ziwa lote hubembea kwa ndani kwa majuma kadhaa bila mtu aliyeko juu kuona lolote. Kubembea huko ndiko kunakokwangua virutubisho kutoka chini na kuvileta juu hata maeneo ya Kigoma yaliyo mbali na kusini.

Tatizo ni kwamba maji ya ziwa hili hayachanganyiki kirahisi. Maji ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi, na ya vilindini hayafiki nyuzi 24. Tofauti inaonekana ndogo, lakini maji ya moto hupungua uzito kwa kila nyuzi moja kuliko maji ya baridi yanavyofanya, kwa hiyo katika ziwa la tropiki tofauti ya nyuzi mbili inatosha kuyagawa maji kuwa tabaka mbili zisizotaka kukutana, jepesi juu na zito chini. Hewa ya oksijeni haishuki zaidi ya mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 na kidogo upande wa kusini. Chini ya hapo, yaani sehemu kubwa kabisa ya maji yote ya ziwa, hakuna samaki anayeishi, na maji yamejaa gesi yenye harufu ya yai viza. Tunaposema Tanganyika lina karibu asilimia 17 ya maji baridi ya juu ya ardhi duniani tunasema kweli, ila samaki wanatumia ngozi yake ya juu tu.

Sasa ongeza joto. Dunia inapopata joto, uso wa ziwa hulipokea kwanza, na vilindi hulipokea polepole sana. Tofauti kati ya tabaka mbili huongezeka, na upepo uleule, au uliopungua kidogo, hauwezi tena kuzichanganya kama zamani. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Catherine O'Reilly na jingine na Piet Verburg, yalichapisha matokeo yaliyosema kwamba jambo hili limekwisha kuanza. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ziwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mshuko huo ungeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma mashapo yaliyochotwa chini ya ziwa na kukuta kwamba joto la uso la miongo ya karibuni halikuwahi kuonekana katika miaka 1,500 iliyotangulia. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walihesabu mabaki ya samaki ndani ya mashapo, mifupa na magamba, wakaona kwamba yalianza kupungua tangu karne ya 19, kabla ya uvuvi wa kibiashara haujaingia ziwani, na kwamba eneo la sakafu ya ziwa lenye oksijeni katika sehemu walizozipima lilikuwa limepungua kwa asilimia 38 tangu katikati ya miaka ya 1940.

Mtu akiishia hapo atasema wavuvi hawana hatia. Wapo watafiti wengine walioliona jambo hili tofauti, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi katika mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa uliosimamiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Ufini katika miaka ya 1990, mradi ambao ulipima ziwa kutoka kaskazini hadi kusini kwa meli yenye vyombo vya kusikiliza makundi ya samaki kwa mwangwi. Hoja yao ilikuwa kwamba takwimu za samaki wanaoshushwa mwaloni zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya joto. Meli za kibiashara zenye nyavu za kuzingira zilianza upande wa Burundi katika miaka ya 1950, zikiwa za wafanyabiashara wa Kigiriki, na upande wa Zambia katika miaka ya 1960. Zilipofanya kazi, samaki wakubwa kama sangala walipungua, kisha mgebuka na dagaa wakashika nafasi, kisha meli zenyewe zikakosa faida na nyingi zikaegeshwa. Hatuwezi kulisoma ziwa kwa daftari la meli ambazo ziliacha kuvua.

Wavuvi wadogo hawakuacha. Sensa ya uvuvi ya mwaka 1995 iliyofanywa katika nchi zote nne ilikuta wavuvi wapatao 45,000. Ile ya mwaka 2011 ikakuta idadi iliyozidi mara mbili ya hiyo. Zana nazo zimebadilika. Karabai la mafuta ya taa, ambalo lilikuwa ghali kuliendesha usiku kucha, limepisha taa za sola zinazowaka hadi alfajiri bila gharama ya ziada, na mtumbwi mmoja sasa unaweza kuweka taa nyingi majini. Karibu na ufukwe kuna makokoro na, mahali pengine, vyandarua vya mbu vilivyoshonwa kuwa nyavu. Hizi za ufukweni ndizo zinazoumiza zaidi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, kwa sababu dagaa hutaga mbali na pwani lakini wachanga husogea karibu na ufukwe kukua kabla ya kurudi kilindini. Anayevuta kokoro la macho madogo pale Kibirizi au popote pale anavuna mtaji na si faida.

Kwa maoni yangu mabishano ya kama ni joto au ni wavuvi yamepotezewa muda mwingi kuliko yanavyostahili. Sababu hizo mbili haziko kwenye ngazi moja hata zishindanishwe. Joto linashusha kiasi cha samaki ambacho ziwa linaweza kuzalisha kila mwaka. Uvuvi unachota kutoka kwenye kiasi hicho. Ikiwa dari limeshuka, idadi ileile ya nyavu iliyokuwa salama mwaka 1970 inakuwa kubwa mno leo bila mvuvi yeyote kuongeza uzi. Na ikiwa nyavu nazo zimeongezeka maradufu wakati dari linashuka, matokeo ndiyo haya yanayoonekana. Anayesema ni tabianchi tu anaondoa jambo pekee ambalo tunaweza kulibadilisha sisi wenyewe. Anayesema ni uvuvi haramu tu anamdanganya mvuvi kwamba akifuata sheria ziwa litarudi kama la babu yake.

Tukilielewa hilo ndipo tunapoweza kuipima hatua ya kufunga ziwa bila kuisifu wala kuilaani kwa pupa. Dagaa hufanya mambo yake haraka: hukomaa chini ya mwaka mmoja na maisha yake yote hayazidi sana mwaka. Samaki wa namna hii akipewa nafasi ya miezi mitatu ataongezeka, na ndiyo sababu kufunga kuna maana kwake kuliko kunavyoweza kuwa na maana kwa samaki anayechukua miaka mingi. (Kwa faida ya wanaonunua sokoni Tabora: dagaa wa Kigoma ni wa ukoo mmoja na sadini wa baharini, na dagaa wa Mwanza ni wa ukoo mwingine kabisa, kwa hiyo muuzaji anayeapa kwamba ni walewale ila wameanikwa tofauti anatafuta bei.) Mgebuka anafaidika kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa chakula chake kimeongezeka. Kwa sangala mkubwa, ambaye anahitaji miaka kadhaa kufikia kuzaa, miezi mitatu ni usingizi mfupi. Akinusurika Julai na kunaswa Septemba kabla hajazaa, kufunga kumemsaidia kidogo sana.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha kuhusu siku za kufungua. Ziwa lolote likifungwa miezi mitatu, juma la kwanza la kufungua litakuwa na samaki wengi, kwa sababu rahisi kwamba waliokuwa wavuliwe katika miezi hiyo bado wapo. Mwalo utajaa, bei itashuka, na picha za ndoo zilizofurika zitasambaa. Hiyo ni akiba iliyotolewa, na haithibitishi bado kwamba samaki wamezaliana zaidi. Kipimo cha kweli ni kilo ngapi mtumbwi mmoja wenye taa kadhaa unazopata kwa usiku mmoja, miezi minne au sita baada ya kufungua, ikilinganishwa na usiku wa namna hiyo mwaka uliotangulia, na ulinganisho uwe wa usiku wa giza kwa usiku wa giza. Wasomaji wasiokaa kando ya ziwa wafahamu kwamba uvuvi wa taa hauna nguvu wakati wa mbalamwezi, na wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Tangu zamani, kabla ya waziri yeyote, mwezi ndio uliokuwa ukilifunga ziwa hili.

Halafu kuna mipaka. Kongo ina takribani asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6, na dagaa hana hati ya kusafiria. Nchi zote nne zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa jijini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na mkataba huo ndio uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mamlaka hiyo inaweza kupanga tarehe na kushauri, lakini boti ya doria ni ya nchi, mafuta ya boti ni ya nchi, na hakimu ni wa nchi. Nchi moja ikifunga huku jirani akiacha taa ziwake, inachofanya ni kumfugia jirani. Na upande wa Kongo, ambako ufukwe wa kaskazini umepitia vita kwa miaka mingi, kudai kwamba kila mwalo utafungwa kwa siku moja ni kudai kitu ambacho dola yenyewe pale haijaweza kukifanya kwa mambo makubwa kuliko uvuvi. Sisemi hili ili kuhalalisha kutofunga. Nasema kwamba mafanikio ya hatua hii yanategemea zaidi amani ya Kivu Kusini na Tanganyika ya Kongo kuliko wingi wa askari Kigoma, na ni wachache wanaoliweka hivyo katika mikutano ya uvuvi.

Sehemu ya joto ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu haiko mikononi mwetu. Burundi na Kongo ni miongoni mwa nchi zinazotoa hewa ya ukaa kidogo kabisa kwa kila mtu duniani, na sisi hatuko mbali nazo. Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh huko Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata, kule Dubai, ukaanza kuwekewa utaratibu. Katika mazungumzo hayo mafuriko yana sauti, kwa sababu yanapigwa picha: nyumba iliyozama ni hasara ambayo kila mtu anaielewa. Ziwa lililopunguza uzalishaji wake polepole kwa miaka mingi halipigwi picha, ingawa kwa mkoa kama wetu ndilo lenye hasara kubwa zaidi. Kama wataalamu wetu watakwenda kwenye mikutano hiyo na hesabu ya nyumba za Kibirizi peke yake, watakuwa wamedai sehemu ndogo ya kile tunachopoteza, na tena sehemu ile ambayo, kama nilivyoeleza, ziwa limekuwa likiifanya kwa vipindi tangu enzi za Lukuga kuzibwa.

Hapa pia kuna kishawishi cha kutumia joto kama kisingizio. Vilima vya nyuma ya Kigoma na Uvinza vinaendelea kukatwa kwa mkaa na mashamba, na udongo wake unashuka kwenye mwambao wa mawe ambako samaki wengi wa rangi, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wanaishi na kuzaa. Udongo huo hautoki ng'ambo ya bahari, na hakuna mfuko wa Dubai utakaoulipia.

Nirudi kwenye kufunga, kwa sababu ndiko serikali ina uwezo wa kuamua. Kama kuna upungufu ambao ningependa urekebishwe, ni katika nani anahesabiwa. Mvuvi mwenye mtumbwi anajulikana: ana leseni, jina lake liko kwenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na akitaka mkopo wa kubadilisha kazi kuna mlango wa kugonga. Wanaoshinda vichanjani ni watu wengine. Ukifika Katonga asubuhi ya msimu mzuri utawakuta wanawake wameinama wakitandaza dagaa kwa viganja, wakiwageuza kabla jua halijawakausha upande mmoja, wakiokota majani na mchanga, wakifukuza kunguru, na wakipatana bei na wanunuzi wa treni ya Tabora kwa wakati uleule. Mama huyo hununua dagaa wabichi kwa mkopo wa asubuhi na kuulipa jioni. Hana leseni ya uvuvi kwa sababu havui, hana duka, na kwenye daftari la mwalo kilo zake zimeandikwa kwa jina la mwenye mtumbwi. Ziwa likifungwa, mkopo wake wa asubuhi unakufa siku ya kwanza, ilhali mvuvi anaweza kwenda kulima au kuvua kwenye mabwawa ya Malagarasi. Takwimu za mavuno zinaweza kukusanywa na watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, hapa Kigoma, wana ujuzi huo kwa miongo mingi. Orodha ya waanikaji na wachuuzi ni kazi ya halmashauri, inahitaji karani mmoja kwa kila mwalo na mwezi mmoja kabla ya tarehe 15 Mei.